Kosa la Rimoti

Kila alasiri, Radi alipotoka shule, alipita kwanza kwenye kibanda cha mama yake. Mama yake alikuwa fundi wa redio, simu na vifaa vingine vidogo vya umeme. Meza yake ilijaa bisibisi, nyaya za rangi, vipande vya pamba na chupa ya spiriti. Ukutani palikuwa na msumari uliotungiwa karatasi za wateja. Katika kila karatasi mama aliandika mambo matatu: kifaa, tatizo, na chanzo cha tatizo.

"Mteja akijua chanzo, hatanirudia wiki ijayo na tatizo lile lile," alipenda kusema.

Radi alikula, akafanya kazi zake za shule kwenye pembe ya meza hiyo, kisha akaanza kutazama saa ya ukutani. Mama alijua maana ya macho yale. "Haya, nenda. Lakini saa kumi na mbili uwe hapa," alisema, na kabla hajamaliza sentensi kiti kilikuwa kitupu.

Ukumbi wa michezo ya video ulikuwa milango mitatu kutoka pale. Mwenye ukumbi aliitwa Kocha, kwa sababu zamani alifundisha ndondi. Sasa magoti yalimsumbua, kwa hiyo aliwafundisha watoto mapigano ya kwenye runinga, ambayo, kwa maneno yake, hayavunji pua ya mtu. Jina la Radi pia lilitoka humo ukumbini. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alimchezesha mpiganaji aliyeitwa Mwewe, na Mwewe aliruka juu na kumshukia mwenzake kama radi, kabla hajajua kilichompata.

Kocha alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote. Anayeshindwa huweka chini rimoti anayochezea, humwangalia mshindi usoni, na husema, "Umenishinda." Ndipo anapopisha kiti. Ni neno moja tu, lakini Radi alikuwa hajawahi kulisema. Si kwamba hajawahi kushindwa. Alishindwa kama wengine, ila kila mara alikuwa na sababu mfukoni. Leo jua lilimulika kioo cha runinga, kesho mtu alikohoa nyuma yake, keshokutwa kiti kilikuwa kifupi. Wenzake walizoea, wakacheka tu.

Ijumaa moja hakuna aliyecheka. Siku hiyo Kocha alikuwa akitafuta mchezaji mmoja wa kuwakilisha ukumbi katika mashindano ya kumbi zote, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Waliobaki walikuwa wawili: Radi, na msichana mdogo wa miaka kumi aliyepewa jina la Daftari kwa sababu hakwenda popote bila daftari lake lenye jalada la kijani. Mpiganaji wake aliitwa Nguzo, mwanamke mnene aliyetembea polepole kama anayebeba ndoo ya maji kichwani.

Radi alijua atashinda. Alikwishawaambia darasa zima.

Alipigwa mara tatu mfululizo. Kila Mwewe aliporuka, Nguzo alikuwa pale pale anamngoja na ngumi ya kuelekea juu. Ukumbi ulianza kwa kelele ukaishia kimya. Wote walingoja lile neno moja.

Radi alihisi masikio yakiwaka moto. Alibonyeza rimoti mara mbili kwa nguvu, akaikunjia uso. "Kitufe kimekwama," alisema. "Kitufe cha kujikinga. Mlikuwa hamkioni?"

Kocha aliichukua rimoti, akaibonyezabonyeza. "Mimi sisikii kitu. Lakini mimi si fundi." Alifikiri kidogo. "Mpelekee mama yako aifungue. Akikuta ina kasoro, mtarudia. Akikuta ni nzima, Daftari ndiye mwakilishi wetu. Nitapita Jumanne kuichukua."

Kocha alimwamini kila mtoto, hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mama wa Radi alikuwa amesafiri kumwona bibi, na kibanda kilifungwa hadi Jumatatu. Rimoti ikalala mkobani mwa Radi siku mbili nzima. Jumapili aliitoa, akakibonyeza kile kitufe labda mara mia. Kila mara kilishuka, kila mara kikapanda, kizima kabisa.

Jumatatu shuleni, habari ilikuwa imetangulia. "Kabla yako si ilikuwa mikononi mwa Daftari?" aliuliza rafiki yake Radi. "Yule na soda zake za machungwa! Lazima aliimwagia."

Radi angeweza kusema hapana. Badala yake akasema, "Huenda."

Mchana ule "huenda" ilizunguka shule nzima, na iliporudi ilikuwa imekuwa "kweli."

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na tuseme ukweli, halikuwa wazo la kujivunia. Njiani kwenda kibandani rafiki yake alimwachia soda kidogo iliyobaki chupani, kisha akashika njia ya kwao. Radi alisimama nyuma ya ukuta, akatazama kulia na kushoto, akaitoa rimoti mkobani, akaimiminia soda ile pembeni mwa kitufe. Akafuta kwa sare yake. Akaondoka mbio kama aliyekimbizwa, ingawa barabarani hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama. Karibu tena. Kocha amekuletea kazi," alisema kwa mkupuo alipoingia kibandani, bila hata kuuliza hali ya bibi.

"Marahaba. Bibi hajambo, anakusalimu," mama alijibu akicheka. Alisikiliza kisa cha kitufe kilichokwama, akavaa miwani, akachukua bisibisi ndogo. Radi alifungua kitabu cha hesabu na kujifanya anasoma.

Skurubu nne zilitoka. Mama aliinua mfuniko, akanusa. Kisha akanusa tena, polepole.

"Mlicheza lini?"

"Ijumaa, mama."

"Na tangu Ijumaa rimoti ilikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba wangu."

Mama alichovya kipande cha pamba ndani ya rimoti, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimelowa chapachapa. "Soda ya Ijumaa ingekuwa imeganda kama gundi," alisema taratibu. "Hii bado ina mapovu."

Radi hakuinua macho. Alisoma swali moja la hesabu mara nne na hakuelewa hata tarakimu moja. Alitamani mama apige kelele, amwite mwongo, amalize. Lakini mama alisafisha kila kona kwa spiriti, akakausha, akafunga skurubu moja baada ya nyingine. Kisha akavuta karatasi, akaandika. *Kifaa: rimoti. Tatizo: soda chini ya kitufe.* Kwenye mstari wa tatu hakuandika kitu. Akaisogeza karatasi hadi kwenye kitabu cha Radi.

"Mimi huandika ninachokijua tu," alisema. "Chanzo sikijui. Anayekijua atajaza. Kocha anakuja kesho, na tangu nianze kazi hii sijampa mtu karatasi yenye mstari mtupu."

Akarudi kwenye redio ya mteja mwingine. Radi aliona aibu kiasi kwamba hata ukumbini hakwenda siku hiyo, na mama hakumuuliza kwa nini.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Radi alimwona Daftari peke yake karibu na bomba la maji. Watoto wawili walipita wakamwita "Soda! Soda!" wakakimbia. Daftari alijifanya hasikii. Alipomwona Radi, alimjia moja kwa moja, amekumbatia daftari lake kifuani. Radi alidhani anakuja kugomba, akajiandaa kugombana. Laiti ingekuwa hivyo.

"Dada Radi," alisema yule mdogo, sauti ikitetemeka, "nimekuja kukuomba radhi. Sikumbuki kumwaga soda, wallahi sikumbuki. Lakini kila mtu anasema, kwa hiyo labda mkono wangu ulikuwa na soda. Nimemwambia Kocha aende na wewe. Mimi sitacheza tena pale."

Radi aliwahi kuona aibu ya kushindwa, na alidhani hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Sasa aliona ile ilikuwa mchezo wa watoto. Mtoto asiye na kosa alikuwa amesimama mbele yake akimwomba msamaha kwa kosa lake yeye Radi.

"Usi... usiseme hivyo," aligugumia. "Ngoja. Leo jioni njoo ukumbini. Tafadhali, njoo tu."

Kengele ilipolia mwisho wa siku, hakupitia chakula wala hesabu. Aliingia kibandani, akachukua rimoti na ile karatasi, akaomba kalamu. Mama alimpa. Herufi zilienda upande, lakini mstari wa tatu ulijaa.

"Nitampelekea Kocha mwenyewe, mama. Twende wote?"

"Nitasimama mlangoni," mama alisema. "Ndani utaingia peke yako."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kocha alikaa kwenye stuli yake, na Daftari alikuwa amejibana kwenye kona. Radi alimpa Kocha rimoti na karatasi. Kocha aliisoma, nyusi zikapanda, akamrudishia. "Ukumbi wote ulisikia ukisema kitufe kimekwama," alisema. "Wasikie na hili. Soma."

Sauti ya Radi ilitoka nyembamba kama uzi. "Kifaa: rimoti. Tatizo: soda chini ya kitufe. Chanzo..." Hakuna aliyemsaidia. "Chanzo: niliimwaga mimi, Jumatatu. Ijumaa kitufe kilikuwa kizima. Daftari hana kosa."

Mtu mmoja alisema "Ala!" na mwingine akaguna. Rafiki yake Radi aliangalia sakafu. Machozi yalimtoka Radi, na hakuyafuta, kwa sababu bado kulikuwa na jambo moja. Alitembea hadi kwenye kona, akamwangalia Daftari usoni.

"Umenishinda," alisema. "Tangu Ijumaa. Na unisamehe, mdogo wangu."

Daftari hakutabasamu, na hakuwa na sababu ya kutabasamu. "Waambie na shuleni," alisema. "Kule ndiko wananiita Soda."

"Nitawaambia."

Na aliwaambia, kesho yake, darasa kwa darasa, na kila darasa lilikuwa gumu kama la kwanza.

Kocha hakumfukuza. "Ningekufukuza ungepumzika," alimwambia. "Mwakilishi wetu anahitaji mtu wa kufanya naye mazoezi hadi Jumamosi. Utakuwa wewe. Utatumia rimoti hii hii."

Mazoezi ya kwanza yalikuwa ya kimya. Daftari alishinda, Radi akasema neno lake, wakarudia. Pambano la tatu lilipokwisha, yule mdogo alifungua daftari la kijani na kulisukuma mbele ya Radi. Kulikuwa na ukurasa mzima wenye jina lake, umejaa vistari vidogo.

"Hivi ni nini?"

"Mara ulizoruka. Kila ukibanwa kwenye kona, unaruka. Mpiganaji akiwa hewani hawezi kujikinga. Kwa hiyo mimi nangoja tu."

Radi alivitazama vile vistari. Miezi yote aliyokuwa akilaumu jua, kikohozi na kiti, mtoto huyu alikuwa ameuona ugonjwa wake na kuuandika. "Mbona hukuniambia?"

"Kila tulipomaliza, ulikuwa unaongea habari za kiti," alijibu Daftari.

Radi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepatikana. Pambano lililofuata Mwewe alipobanwa, kidole cha Radi kilikimbilia kuruka, akakizuia. Akajikinga. Akapigwa hata hivyo, lakini alidumu mara mbili ya kawaida yake.

Jumamosi Daftari alitoka wa tatu katika kumbi zote, na aliyepiga makofi hadi viganja vikauma alikuwa Radi. Jumatatu iliyofuata Radi alirudi kibandani saa kumi na mbili kamili. Mama alikuwa amefungua redio kuukuu, matumbo yake yametapakaa mezani.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Unaiona hii? Mwenyewe alinibishia kwamba ni nzima, ati stesheni ndizo mbovu. Amekaa nayo mwaka mzima ikikoroma. Leo amekubali kusema, 'Fundi, imeharibika,' na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Sikiliza. Kushindwa hakukuharibu wewe. Ulichokosea ni kuficha ulipoharibika, halafu ukamtwika mwenzako. Mtu anayesema kweli kuhusu kosa lake anatengenezeka, na hakuna fundi anayeweza kumtengeneza anayelificha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Mama aliinama tena kwenye redio. Ile karatasi ya rimoti ilikuwa msumarini pamoja na nyingine, mistari yote mitatu imejaa.

"Enhe, leo umepigwa mapambano mangapi?" aliuliza.

"Tumecheza matano, mama. Nimeshinda moja."

"Na rimoti je?"

Radi alihisi masikio yakipata moto tena, lakini safari hii hakukwepesha macho.

"Rimoti ni nzima, mama. Niliruka."