Alimuuguza Aliyemkataa

"Wewe unafanya nini humu?"

Dereva alisimama mlangoni, begi bado liko begani. Binti fundi cherehani alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamsafisha mama wa dereva kidonda cha mgongoni. Alimaliza, akakausha, akamgeuza mgonjwa taratibu, ndipo akasema:

"Namuosha mama. Karibu nyumbani."

Miaka miwili nyuma hawa wawili walikuwa wachumba. Dereva alimpa binti huyo jina la Sindano, kwa wembamba wake na ulimi wake wa kuchoma. Kisha ghafla simu zake zikakoma, akahamia safari za mbali. Mama yake alipopigwa na kiharusi, yeye alituma pesa tu; msichana wa kazi alivumilia mwezi mmoja, akaondoka bila kuaga. Akina mama wa kanisani walikuja kumwombea, Sindano akiwa mmoja wao. Wenzake waliposema amina na kutoka, Sindano alisikia harufu ya kidonda, akakunja mikono ya gauni. Kwa miezi minane alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, akarudi kila jioni.

Dereva alidhani anajua sababu. Alimfuata uani.

"Kama unafanya haya ili nikurudie, unajichosha. Mama aliniambia ulichumbiwa na mwingine."

Sindano aliendelea kuanika shuka.

"Sifanyi kwa ajili yako. Yesu alinipenda kabla sijamfanyia lolote. Mimi ni nani nichague wa kumhudumia?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mama aliita kutoka ndani, nao wakaingia mbio. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nilidanganya," alisema, neno moja moja, kwa ulimi mzito. "Hakuchumbiwa. Sikutaka uoe mshona viraka."

Dereva alimgeukia Sindano.

"Ulijua?"

"Aliniambia mwenyewe, siku ileile aliyokudanganya."

"Na hukunipigia?"

"Nilikuandikia ujumbe, nikaufuta. Ungemchukia mama yako, na hana mtoto mwingine."

Siku mbili dereva hakumsemesha mama yake. Sindano alimwambia kwamba yeye alishasamehe zamani, hivyo asimbebee hasira zisizo zake. Siku ya tatu dereva akaja na neno.

"Nikuoe. Kwa yote uliyotutendea, sina shukrani nyingine."

Sindano hakuwahi kuacha kumpenda. Hata hivyo alitikisa kichwa.

"Ukinioa kwa shukrani, siku shukrani ikiisha utaniangaliaje?"

Jioni hiyo simu ya Sindano ililia. Ujumbe wa dereva ulisema: "Nimeomba safari za karibu. Kesho nifundishe kumgeuza mama."

Akajifunza, kwa mikono mizito. Mama alilalamika kwamba anabebwa kama gunia la saruji, wakacheka wote watatu, na katika kicheko hicho mama na mwana wakaanza kuongea tena. Kidonda kikapona. Mama akaanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu.

Kisha Sindano mwenyewe akaugua homa. Dereva alimletea chai, akachota maji, akafagia chumba, akamfulia, akaondoka bila kugusia ndoa. Siku nne mfululizo. Sindano alilala akimsikiliza anavyosuuza ndoo nje, akajua huyu si yule aliyesimama mlangoni na begi.

Alipopata nafuu, dereva alimkuta kibandani.

"Leo sikuja kushukuru. Nakupenda. Ukikataa, ukiugua tena nitakuja vilevile."

Sindano alisimamisha cherehani.

"Basi kesho mlete mama, aongee na baba yangu."

Mama alipelekwa kwa kiti chake. Mbele ya mzee wa watu hakuzungukazunguka.

"Nilimkataa binti yako nikiwa mzima. Ameniosha nikiwa sijiwezi, wala hakunikumbusha hata mara moja. Nimekuja kumwomba, nikiwa na aibu."

"Muulize mwenyewe," alisema baba.

Sindano alichuchumaa mbele ya kiti, akaushika mkono ule uliopooza.

"Nimekubali, mama."

Siku ya harusi watu walisimama wakitazama mlangoni. Bibi harusi aliingia hana ua mkononi. Alikuwa anasukuma kiti cha mama mkwe wake, taratibu, mpaka mbele, bwana harusi alipokuwa akiwasubiri wote wawili.