Dakika Kumi na Moja Zilizokatwa

Ndugu zangu, tegeni masikio, maana nyumba ninayoisimulia ingeweza kuwa yenu au yangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Msusi alikuwa sebuleni akimsuka mteja, redio ikiimba taratibu, na bintiye wa miaka miwili na ushee amekaa mkekani karibu na miguu yake. Walizoea kumwita Kidoti kwa ajili ya alama ndogo shavuni. Kidoti alikuwa akipanga vibanio vya nywele kwenye mstari: chekundu, cha njano, cha buluu, halafu chekundu tena. Mteja akasifu, mtoto mtulivu hivi hajapata kumwona, wa kwake angeshapindua nyumba.

Baba mtu akatabasamu kule alikokaa na kompyuta yake. Yeye alikuwa mpiga video wa harusi, na sifa zake zilienea. Bwana harusi akijikwaa, anakatwa. Shangazi akisinzia kwenye hotuba, anakatwa. Kwenye video zake kila mtu alipendeza, hata wale ambao siku yenyewe walinuna tangu asubuhi.

Mteja akainama akamwomba Kidoti kibanio kimoja. Kidoti hakuinua kichwa. Akamwita mara ya pili, ya tatu, kimya. Akakichukua mwenyewe, na hapo mtoto akaangua kilio kisichokatika, mpaka mteja akaaga nusu ya kichwa haijasukwa.

Msusi alikuwa na lake rohoni siku nyingi. Kidoti alikuwa na maneno manne, na yote yalikwishapotea, hata lile la "mama". Akampeleka kliniki. Muuguzi akamweleza kwamba daktari bingwa wa ukuaji wa watoto yuko mji wa mbali, ila huwaona watoto kwa simu ya video. Kwanza warekodi vipande vitatu nyumbani: mtoto akiitwa jina, akila, na akicheza na mtu. Viwe vya kawaida tu, visipambwe.

"Hilo niachie mimi," baba akasema. Wallahi, laiti asingeachiwa.

Alimrekodi Kidoti akimwita kwa dakika kumi na moja. Katika muda wote huo mtoto aligeuka mara moja, tena kwa sababu kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Baba akabakisha sekunde zile tisa, akaondoa mlio wa kifuniko, akaweka sauti yake akiita, "Kidoti!" Ukitazama, mtoto anaitwa na anageuka, safi kabisa, na hivyo ndivyo kilivyotumwa kwa daktari. Tusimtukane haraka, jamani. Mtu huyu alimpenda bintiye mpaka basi, na alichoogopa ni mtoto kubandikwa jina ambalo watu watamnong'onea nalo maisha yake yote.

Siku ya miadi waliegemeza simu juu ya kigoda. Daktari, mwanamama mwenye sauti ya upole, akamwelekeza msusi acheze na mwanawe, kisha amwite. Baba alijibanza nyuma ya simu na bunda la funguo, maana mlio wa funguo ndio pekee uliomfanya Kidoti ainue uso. Msusi akaita, baba akatikisa, mtoto akatazama. Daktari akauliza kama kuna mtu mwingine chumbani. Msusi akamwangalia mumewe, mumewe akatikisa kichwa, naye msusi akajibu kwamba hakuna mwingine.

Daktari akasema kwa alichokiona hawezi kusema mtoto ana tatizo, ila upande wa maneno haujamridhisha, warudi baada ya miezi mitatu. Baba akatoka kifua mbele, akiwatangazia ndugu kwamba mtoto amepita, kana kwamba ulikuwa mtihani wa darasani. Miezi mitatu ilipofika alipiga simu kliniki akasema hakuna haja.

Miezi minane ikayoyoma. Kidoti akaanza kujigonga kichwa ukutani kila pasi ya nywele ilipowashwa. Akakataa kila chakula isipokuwa mkate mkavu. Halafu asubuhi moja mteja akaacha mlango wazi, mtoto akatoka. Msusi alizunguka mtaa mzima kwa muda wa saa mbili akiita mpaka sauti ikamkauka. Kidoti alikuwa nyumba ya tatu tu, amesimama nyuma ya tangi la maji, anasugua kidole kwenye bomba. Alisikia jina lake muda wote ule na hakujua kwamba linamtaka aje.

Wakati wa kutafuta picha ya kuwaonyesha watu, msusi alikuwa amefungua kompyuta ya mumewe, akaona faili limeandikwa "Mabaki". Kesho yake baba aliporudi kutoka kazini alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka sebuleni. Mwanzo ilikuwa ya uchangamfu, kisha ya ukali, na mwishoni ya kubembeleza. "Kidoti. Kidoti mwanangu. Mtazame baba basi." Kwenye kioo cha kompyuta ulionekana mgongo wa mtoto na mstari wa vibanio.

"Mara ishirini na sita," msusi akasema. "Nimehesabu."

Baba alinywea pale mlangoni.

"Ulikata ili apendeze kwa nani, Baba Kidoti? Daktari hakuja kumposa."

Baba akakaa chini, akalia bila kujificha. Alisema aliogopa. Msusi akamwambia naye ana lake la kujibu, kwani funguo aliziona na akanyamaza. Jioni ile ile walimtumia daktari dakika zote kumi na moja, wakaungama kila kitu.

Daktari hakuwagombeza. Aliwapangia miadi mingine, muuguzi akampima Kidoti masikio, na simu ilipowashwa neno la kwanza lilikuwa, "Baba, toka huko nyuma. Kaa mkekani nikuone."

Akamwambia apulize puto, aliachie liruke, kisha atulie asiseme kitu. Kidoti aliliokota, akaushika mkono wa baba yake kama mtu anavyoshika kijiko, akauweka juu ya puto bila kumtazama usoni. Daktari aliomba warudie mara kadhaa, akauliza mengi, na mwisho akawaambia ni usonji. Ubongo wa Kidoti unaipokea dunia kwa njia yake. Hakuna aliyemsababishia, na yako mengi ya kumsaidia.

"Na ile miezi minane?" baba akauliza.

"Hiyo hairudi. Tunaanza leo."

Wakaanza mazoezi, kila wiki kwa video na kila siku mkekani. Mwezi wa tano wa mazoezi hayo baba alirekodi tena. Alimwita Kidoti mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne Kidoti akainua kichwa, akamtazama baba yake machoni, akampa kibanio cha njano.

Baba aliituma video yote kwa daktari, na zile mara tatu za mwanzo akaziacha humo humo.

FUNZO

Wazazi wenzangu, daktari anayemwona mtoto wako kupitia simu anaona kile tu unachomwonyesha. Ukimpambia mtoto, daktari atamtibu mtoto wa kwenye video, na wako atabaki mkekani bila msaada. Mwonyeshe alivyo, akilia, akinyamaza, akikupa mgongo. Aibu unayoikwepa ni yako, lakini miezi inayopotea ni ya mtoto.