Ukungu Ndani ya Kioo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa fremu, mtu ambaye hata akichelewa kazini hajui kutunga kisingizio. Mwaka jana dada yake mdogo alipotea. Utotoni fundi alimbana mkono na mlango, kidole kimoja cha dada kikakatika, na hajajisamehe mpaka leo.

Alasiri ya maonyesho ya picha, mchoraji aliyempa kazi ya fremu alimfokea mbele ya watu: "Fundi, kioo chako kichafu! Wageni wataliona vipi bonde langu?"

Picha ilikuwa ya bonde tupu, halina nyumba wala mtu. Fundi akafuta kioo, akafuta tena. Ukungu haukutoka, maana ulikuwa upande wa ndani.

Akachukua bisibisi afungue fremu. Umeme ukakatika, na ukumbi ule usio na dirisha ukawa giza totoro. Hapo akasikia kucha zikikwaruza kioo, taratibu, mbele ya pua yake.

"Bosi, unasikia?"

"Nasikia kila siku," mchoraji akacheka. "Usifungue. Atachoka mwenyewe."

Taa zikawaka. Katikati ya ukungu, kwa ndani, palikuwa na alama ya kiganja. Fundi akahesabu vidole. Vilikuwa vinne.