Kamera ya Shemeji Kinamasini

Boti iligonga gogo lililozama, ikalalia ubavu, na kabla Wendell Pelkola hajashika kitu alikuwa tayari ndani ya maji yenye barafu pembezoni. Baridi ilimkaba pumzi. Alipiga miguu kutafuta chini. Buti la kulia likazama katikati ya magogo ambayo biva, wanyama wa majini wanaoguguna miti, walikuwa wameyashindilia kujenga bwawa lao, na boti ilipopinduka ikamsukuma kiunoni. Alisikia kifundo kikivunjika kabla hajahisi maumivu.

Alijichomoa, akatambaa kwa viwiko hadi kwenye kijisiwa chenye mierezi. Alipogeuka, boti ilikuwa tumbo juu, upepo unaipeleka mbali. Simu ilikuwa imekufa. Kutoka upande wa Ziwa Superior theluji ilikuwa imeanza, ile inayokuja mlalo na kupiga uso kama mchanga.

Hakuwa na sababu halali ya kuwa pale. Kamera yake ya kunasa wanyama wapitao ilikuwa ng'ambo, kwenye kilima cha mialoni. Hii iliyofungwa kwenye mwerezi mbele yake ilikuwa ya Rudy Niemela, mume wa dada yake Marlys.

Mwezi wa tisa kamera ya Wendell ilikuwa imenasa picha ya kulungu dume ambaye hata wazee wa pale hawakuwahi kuona mfano wake, pembe nene kama mikono ya mtu, matawi yamesongamana. Wendell akakosa usingizi. Kila siku ya pili alipanda kilimani kuchukua kadi ya kamera, mara nyingine kila siku, kwa njia ile ile na buti zile zile zilizonuka petroli ya kituoni. Dume akaanza kuonekana usiku tu. Kisha ukaonekana mkia peke yake. Mwishowe kadi ikawa na kindi na Wendell mwenyewe, anakuja, anaondoka.

Halafu Rudy akaonyesha baani picha ya dume yule yule, mchana kweupe, amesimama kinamasini ametulia kama ng'ombe wa nyumbani. Rudy hubadili kadi mara moja kwa wiki tatu, siku ya mvua inayofuta harufu, akiwa na buti za mpira. Kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, alimwambia Wendell mbele ya watu, "Shemeji, wewe humwindi yule mnyama. Unamtembelea. Amechoka na wageni." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yote nje ya mawe. Wendell naye alicheka.

Kicheko angekisahau. Kilichomla ni kiti. Baba yake alipoacha kuwinda alimpa Rudy kiti chake cha kuvizia, kile kilichofungwa juu ya mti kando ya kinamasi. Alimpa mkwe, akamruka mwana. Alisema tu kwamba Rudy anajua kukaa. Mzee amekufa, neno limebaki. Kwa hiyo Wendell alikuwa amekuja kuchukua kadi ya Rudy, ajue dume anapita saa ngapi, ampige risasi kabla ya Rudy.

Alifika kwenye kamera akiburuta mguu. Vidole havikuweza kufungua kifuniko. Alijaribu kuwasha kibiriti cha gesi, kilikuwa kimeloa. Kiu ikamshika, akala theluji, akahisi kifua kinazidi kuganda, akaacha. Alivunja matawi ya mwerezi akayalalia ili asilale juu ya barafu, akakamua soksi, akaanza kufikiri nani atakuja.

Rudy alikuwa amebadili kadi juzi tu. Hangerudi mpaka wiki tatu zipite, na Rudy havunji utaratibu wake. Mke wa Wendell alimwacha zamani, akahamia mji wa Green Bay. Pikapu yake ilikuwa kando ya barabara, wazi, watu wote wanaipita. Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Pikapu ile ilikuwa pale karibu kila siku. Nani angeshtuka? Mtu angeiona aseme, Wendell huyo, anachungulia tena, na angekanyaga mafuta aende zake.

Alasiri alikuwa ameacha kutetemeka. Alijua hiyo si dalili nzuri. Alishika mkanda wa kamera ajivute, aupashe mwili joto, na ndipo sauti ikatoka nyuma yake.

"Toa mkono kwenye kamera yangu."

Rudy alikuwa amesimama juu ya ukuta wa biva, theluji imejaa kwenye ndevu, na uso wa mtu aliyekuja kugombana. Kisha akauona mguu.

"Umevunjika?"

"Kifundo."

"Vidole unavihisi?"

"Vya mguu. Vya mkono sivihisi."

Rudy alimvua koti lililoloa akamvika la kwake. Alibandua magome ya mti mweupe, yale yanayowaka hata yakiwa mabichi, akawasha moto chini ya mwerezi, akamnywesha kahawa kidogo kidogo. Alifunga kifundo kwa vijiti na mkanda wa suruali. Wendell alilia kwa maumivu, Rudy akajifanya hasikii.

Akili ilipomrudia, Wendell alimuuliza alijuaje, maana siku yake ya kuja bado.

"Niliona pikapu."

"Kila mtu anaiona."

Rudy alichochea moto. "Mimi huipitia kila asubuhi kabla ya kazi, na jioni tena. Nisipoikuta ndiyo napata usingizi. Leo na theluji hii nikaona kamba za boti zimefunguliwa, nikajua hukwenda kilimani kwako, umekuja kinamasini kwangu."

Wendell alimtazama. "Kumbe kulungu unamkagua kila wiki tatu. Mimi unanikagua mara mbili kwa siku."

"Kulungu hajawahi kuninyima usingizi."

"Na kiti ulipewa wewe."

"Nilipewa. Halafu kila jioni hospitalini mzee alikuwa ananiuliza mimi, Wendell yuko wapi, Wendell anakuja lini. Supu nimembebea mimi, anayetafutwa ni wewe. Nikikaa kwenye kile kiti nasikia hilo swali tu. Inuka, giza linakuja."

Walipita juu ya ukuta wa biva, Wendell mgongoni kwa Rudy. Rudy alimwagiza ahakikishe upepo unampiga shavu la kushoto, ukimpiga usoni aseme upesi, maana watakuwa wamepotea. Vijiti vilikatika, Rudy akazama mpaka mapajani, akatoka akitukana kwa Kifini cha bibi yake. Mara mbili Wendell alisema, "Usoni," na mara mbili Rudy aligeuka bila kubisha. Walipofika kwenye lami Rudy hakuweza kukunja vidole, ikabidi Wendell afungue mlango wa gari.

Mguu ukatiwa plasta, naye Wendell akahamia kwa Marlys. Kilimani hakukukanyagwa na mtu. Msimu wa kuwinda kwa bunduki ulipokaribia kwisha alimwomba Rudy amletee kadi yake ya kilimani. Rudy alirudi, akakaa ndani ya pikapu uani muda mrefu akizitazama picha, injini imezimwa. Alipoingia aliitupa kadi mezani.

Dume alikuwa kilimani, saa za mchana, siku baada ya siku, tangu wiki ile Wendell alipoacha kwenda.

"Nilitaka kuitupa mtoni," Rudy alisema.

"Mimi ningeitupa."

Kesho yake Rudy alimlaza Wendell kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu anachokiburuta akienda kuvua samaki barafuni, akamvuta hadi kwenye mialoni, akampa bunduki na pai ya nyama, akarudi barabarani. Wendell alikaa. Mguu ulimuuma, pua ikaganda, hakusogea.

Alasiri ulisikika mlio mmoja wa bunduki. Kwenye pikapu Rudy alifumba macho, ukamchoma mbavuni kana kwamba risasi ilikuwa yake. Alikaa na uchungu huo mpaka ukapungua kidogo. Kisha akachukua kamba, akapanda kumsaidia shemeji yake kumburuta yule dume.