Unyayo wa Kushoto

Nyayo zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Ukizitafuta za kulia, huoni kitu: kushoto, kushoto, kushoto, kutoka mlango wa chumba cha baridi mpaka kwenye meza ya hadubini. Zilikuwa za maji ya chumvi, na maabara nzima ilinuka mayai viza.

Mtafiti wa maabara ile, ambaye mumewe alimpachika jina la Mama Tope, alichukua tambara akapiga deki.

"Nani huyu anayeruka kwa mguu mmoja kwenye maabara yangu?" aliuliza kwa sauti. Alikuwa peke yake, kwa hiyo alifurahi hakujibiwa.

Kazi yake ilikuwa tope kweli. Meli ilikuwa imezamisha bomba refu kwenye sakafu ya bahari na kuliibua limejaa tope la maelfu ya miaka, la zamani chini, la juzi juu. Ndani yake mlikuwa na diatomu, vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, vyenye maganda ya kioo yasiyooza. Vingine hupenda maji baridi, vingine ya moto. Ukivitambua tabaka kwa tabaka, unajua bahari ilipoa lini na mvua zikagoma lini. Mama Tope alikuwa amefika kwenye mkanda mweusi, enzi ya ukame mrefu kuliko wote, na alitaka kujua mvua zilichukua muda gani kurudi. Watu wangehitaji kulijua jambo hilo, tena karibuni.

Bomba kama hilo hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja ni ya kazi: huchotwa kwa kijiko, ikapikwa kwa tindikali mpaka yabaki maganda matupu. Nusu ya pili ni ya akiba. Hufungwa nailoni ikalazwa kwenye chumba cha baridi, na ni mwiko kuigusa. Nusu ya kazi ilikuwa ya kulia. Alikwisha kuipika karibu yote, na vijiko vichache akamtumia mtafiti mwenzake wa ng'ambo, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi cherehani. Tangu mkanda mweusi ulipoanza kuchotwa, mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi, kidole baada ya kidole. Sasa hata mkasi ulimponyoka.

"Ninuse," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, akamnyooshea kiganja.

Mama Tope alinusa. Mayai viza.

Kesho yake alimleta mganga maabara, bwana mmoja nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa. Mganga aliweka sikio kwenye nailoni ya ile nusu ya akiba, akabadilika rangi.

"Kuna jini alikuwa amelala humu," alinong'ona. "Mmempasua katikati, kuanzia utosini. Nusu ya kulia mmeipika. Ya kushoto ndiyo inayotembea, na inajilipa kwa mumeo. Mrudishie tope lake lote baharini, mama."

"Lililopikwa halirudi."

"Basi sijui."

Ndani ya nailoni kitu kilivuta pumzi, pumzi ya tundu moja la pua. Mganga alitoka mbio bila kuaga, akaacha kiatu cha kushoto mlangoni. Mama Tope alipogeuka kukiokota, hakukiona.

Jioni hiyo mumewe alisema, "Naulilia mkono wangu, mke wangu. Lakini ukimbembeleza leo kwa mkono, kesho atataka mguu."

"Simbembelezi mtu," alisema Mama Tope.

Mchana uliofuata aliingia chumba cha baridi na kijiko chake na chupa ya tindikali. Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa mpaka meno yakagongana, na taa zilipozimika, mlango ukajifunga nyuma yake, akasikia kiatu kimoja kikitembea sakafuni, ko, kikatulia, ko, kikatulia, kikizunguka rafu bila haraka, na harufu ikamjaa kooni na ubaridi ukamgusa shavu la kulia tu, alitamani kumwita marehemu mama yake kama mtoto mdogo.

"Nipe nusu yangu," sauti ilisema sikioni.

"Nimeipika."

"Basi nitachukua nusu ya mumeo."

Woga wote ukageuka hasira. Alipapasa, akaichana ile nailoni isiyoguswa, akazamisha kijiko kwenye tope la akiba. Kilio kilichotoka kilitikisa rafu.

"Unasikia?" alisema, akalidondosha tope kwenye tindikali. Lilichemka. "Hicho ni kimoja. Nina mchana kutwa, na kazi hii naijua. Nitakupika mpaka ubaki kisigino! Mkono wa mume wangu, sasa hivi!"

"Acha," ilisema sauti, sasa ndogo.

"Mkono kwanza."

Kijiko cha pili kilikuwa hewani simu ilipolia mfukoni. "Mama Tope!" mumewe alikuwa analia na kucheka. "Nimeshika mkasi! Nimeshika!"

Taa ziliwaka. Kiatu cha mganga kililala katikati ya sakafu, kimejaa maji.

Hakulitupa lile tope. Alilifunga nailoni mpya, akaning'iniza kijiko mlangoni kwa ndani, mahali ambapo aliyemo angekiona, akarudi kwenye hadubini kuutafuta mwisho wa ukame. Nyayo hazikuonekana tena.

Kisha yule mtafiti wa ng'ambo alimpigia simu. Alikuwa akinong'ona.

"Dada, lile tope ulilonitumia... Kuna nyayo za maji kwenye maabara yangu. Zote za mguu wa kulia. Na mwanangu tangu jana ananiambia mkono wake wa kushoto hausikii."

Mama Tope aliisogeza hadubini kando.

"Tope limebaki?"

"Limebaki kidogo."

"Usilie, mdogo wangu," alisema. "Chukua kijiko."