Jibu Kabla ya Sumaku

Kengele ya asubuhi ilipolia, Kasuku alikuwa ameshakaa dawati la mbele. Jina hilo msichana huyo alipewa na wenzake kwa sababu alisoma ukurasa mara moja tu, kisha akautiririsha wote bila kukosea. Siku hiyo darasa lilikuwa na jaribio la sayansi. Mwenzake mezani alikuwa Kidoti, msichana mpole mwenye alama nyeusi shavuni.

Mwalimu aliwagawia unga wa chuma wa kijivu na salfa ya manjano. Walivichanganya, wakasogeza sumaku. Chuma kikairukia, salfa ikabaki.

"Huo ni mchanganyiko tu," alisema mwalimu. "Kila kimoja bado kina tabia yake. Sasa fungueni madirisha, muupashe moto mpaka uwake wekundu."

Kasuku alishika neli ya kioo yenye mchanganyiko ule juu ya taa ya spiriti. Salfa ikayeyuka, ikaanza kuwa nyeusi.

"Tayari!" akasema, akaitoa.

"Bado," Kidoti akamnong'oneza. "Haijawaka. Tena hatujapima na sumaku."

"Tupime nini na kitabu kimeshasema? Wewe nawe! Utatufanya tuwe mkia." Akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumemaliza! Tumepata salfidi ya chuma. Ni nyeusi na haivutwi na sumaku."

"Mmepima?"

"Tumepima, mwalimu."

"Hongereni. Njooni mbele mtuonyeshe."

Kasuku akaipeleka neli mbele. Mwalimu alikitoa kibonge cheusi kilichoganda ndani yake, akakiponda, akasogeza sumaku. Vumbi la kijivu likairukia, likaning'inia kama ndevu. Darasa likaangua kicheko.

"Nani alishika neli?" mwalimu akauliza.

"Kidoti." Neno lilimponyoka Kasuku kabla hajalifikiri.

Kidoti alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Mwalimu akamwambia abaki kuosha vyombo wakati wa mapumziko.

Wenzake walipokuwa wakiruka kamba uwanjani, Kasuku alichungulia dirishani. Kidoti alikuwa akisugua neli peke yake, akifuta machozi kwa mkono wa sweta. Uso wa Kasuku ukamwaka kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaingia.

"Niachie nioshe mimi."

"Sitaki," Kidoti akajibu bila kugeuka. "Kama una la kusema, kamwambie mwalimu."

Darasa liliporudi, Kasuku alisimama.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeshika neli. Kidoti alinikataza kuitoa. Na... hatukupima."

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akawapa unga mwingine. Safari hii Kidoti alishika neli. Wekundu ulipotokea chini waliondoa moto, lakini ukaendelea kupanda wenyewe. Kibonge kilipopoa wakakiponda, wakasogeza sumaku. Hakuna hata chembe iliyotikisika.

"Chuma hakikupotea," mwalimu alieleza. "Kimeungana na salfa, kikawa kitu kingine chenye tabia nyingine."

"Nisamehe," Kasuku alimwambia Kidoti, macho yakiwa sakafuni.

"Nimekusamehe. Lakini umeniumiza."

Mwalimu akamgeukia Kasuku. "Binti yangu, jaribio likikataa, tunarudia, hilo si kosa. Kosa ni kusema umeona usichokiona, kisha kumtwika mwenzako mzigo wako. Aibu unayoisikia leo usiikimbie. Itakufunza kuliko ukurasa wowote uliokariri."