Wino Kwenye Kiganja cha Watiri

Jioni Watiri alikuwa akimenya viazi jikoni kwao Ruring'u, mama yake akikata sukuma wiki.

"Kihispania umesoma?"

"Nimemaliza yote, mama."

Hakuwa amemaliza hata nusu. Chama cha Kihispania shuleni kilikuwa kikiandaa mchezo wa sokoni kwa siku ya wazazi, na Watiri ndiye mnunuzi. Maneno yake yalikuwa na mikia ya *-melo*: *dámelo*, yaani nipe; *tráemelo*, niletee; *dímelo*, niambie. Akishika moja, jingine linaponyoka.

Siku ya mazoezi aliyaandika kwa kalamu kwenye kiganja. Mwalimu Musembi akaingia na, kama kawaida yake, akamsalimu kila mmoja kwa mkono. Watiri akajibanza nyuma ya mwanachama mwenzake, Anita, lakini angemnyimaje mwalimu mkono? Akautoa, umelowa jasho. Mwalimu akakitazama kiganja chake mwenyewe: buluu tupu.

"Mwalimu amepigwa mhuri!" Anita akasema. Wote wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Watiri, Ijumaa uje na mikono safi na maneno kichwani. La sivyo, Anita atachukua nafasi yako."

Nyumbani Watiri alisema yote huku akilia. Mama hakumbembeleza.

"Umenidanganya mimi, ukamdanganya mwalimu, na Kihispania bado hujui. Umepata nini?" Akachukua daftari la Kihispania. "Kuanzia leo, hapa jikoni hupewi kitu ukiomba kwa Kiswahili."

Jioni hiyo Watiri alikunywa chai bila sukari. Ya asubuhi pia. Ya tatu ilipomiminwa, alikuwa ameshalikodolea daftari mpaka maneno yakamfungukia.

"Mama, si ni kama 'nipe'? Sisi 'ni' tunaitanguliza, wao 'me' yao wanaishikiza nyuma."

"Ati nini? Mimi nangoja kusikia."

"*Dámelo!*"

Bakuli la sukari likasukumwa mbele yake.

Ijumaa Mwalimu Musembi alikagua viganja vyote viwili, kisha akamwachia Watiri jukwaa. Alinunua ndizi na kabichi za kuigiza bila kukwama, akabaki na nafasi yake.

"Umeona?" mama alimwambia jioni. "Ya mkononi yaliondoka na jasho. Haya uliyoyahangaikia hakuna atakayekunyang'anya. Na ukikwama tena, sema umekwama. Usinifiche."

"Sitakuficha, mama."

"Vizuri." Mama akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji. "*Tráemelo!*"

Watiri akacheka, akaenda kuileta.